Sadaka au Haki? Kampuni, Jamii na Sisi Tulio Vyuoni

Mada iliyosomwa mbele ya vijana na wazazi, Matuga, mwezi wa Ramadhani



 

Wazee wangu, mama zetu, ndugu zangu vijana, na wewe msomaji ambaye pengine umelishika jarida hili huku wasubiri adhana ya Magharibi, nimepewa mada ambayo kwa Kiingereza ina jina refu hata wenyewe wameifupisha kwa herufi tatu, CSR. Sisi tuseme ni wajibu wa kampuni kwa jamii, na nafasi yetu katika wajibu huo sisi tulio vyuoni pamoja na waliokwisha maliza. Nitazungumza kama mwanafunzi. Nikiteleza upande wa fiqhi, maustadhi wangu wamekaa hapo mbele, na bakora zao nazikumbuka vizuri.

Mwajua inavyokuwa. Yaja magari mawili matatu, watu wagawiwa fulana, kisha yatolewa hundi ya kadibodi kubwa kuliko mtoto anayeishika. Picha zapigwa. Mwakilishi wadi ahutubia, meneja ahutubia, mzee wetu aombwa dua. Siku ya pili twaona tangi la maji limeandikwa jina la kampuni kwa herufi ambazo hata rubani akipita juu azisoma. Na sisi barazani twatoa hukumu: kampuni fulani ni nzuri, yatusaidia, kampuni fulani ni mbaya, haitusaidii.

Neno hilo "kusaidia" ndilo lililonifanya niikubali mada hii. Anayesaidiwa hana la kudai. Akipewa ashukuru, asipopewa anyamaze. Je, kila kinachotolewa na kampuni ni msaada?

Tulipokuwa madrasa tulifundishwa kutenganisha. Kuna zaka, kuna nafaka ya mke na watoto, kuna deni, kuna ujira wa mfanyakazi. Hizo ni haki za watu zilizo shingoni mwako. Sadaka ni mlango mwingine, nao hufunguliwa kwa mali iliyokuwa safi na yako. Mtu akiwa na deni lililofika wakati wake, mwenye kudai amekaa mlangoni, naye atoka kwa mlango wa nyuma kwenda kugawa tende msikitini, hapo hata mtoto wa chuoni atauliza. Na tukumbuke kuna sura nzima ya Qur'ani, ya 83, iliyopewa jina la wapunjaji wa vipimo. Na Nabii Shuaib alipotumwa kwa watu wa Madyan, jambo moja kubwa alilowakanya ni hilo la mizani. Wale walikuwa wafanyabiashara. Hawakuambiwa kwanza watoe misaada, waliambiwa wapime sawa.

Basi kampuni nayo tuiangalie hivyo hivyo. Wasomi wa Magharibi wenyewe hawajakubaliana. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, Milton Friedman, aliandika kwamba wajibu wa kampuni ni kuongeza faida maadamu haivunji sheria. Wahindi wakaenda upande wa pili, sheria yao ya makampuni ya mwaka 2013 yazilazimisha kampuni kubwa kutenga asilimia 2 ya wastani wa faida yao ya miaka mitatu kwa mambo ya jamii. Lakini hatuna haja ya kwenda India. Hapa hapa Kwale tumekuwa na darasa la zaidi ya miaka ishirini na mitano, na kwa bahati mbaya wengi wetu tulikuwa hatuandiki notisi.

Nasema juu ya mchanga wa Maumba na Nguluku.

Kampuni ya Tiomin kutoka Kanada ilianza kutafuta madini kwetu katika miaka ya tisini. Mchanga ule mzito una ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Rangi nyeupe iliyopakwa ukutani kwako, karatasi, plastiki na vigae vya chooni, humo ndimo madini hayo yanamoishia. Wakaazi walikuwa na mashamba, minazi, mikorosho na makaburi ya wazee wao juu ya mchanga huo, na habari ya fidia ikaleta ugomvi mkubwa. Sasa sikilizeni hili, maana halisemwi vya kutosha. Mwaka 2001 wakaazi walikwenda Mahakama Kuu ya Mombasa wakapata amri ya kuisimamisha kampuni kwa muda. Walishinda kwa hoja gani? Kwa karatasi. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 ilikuwa changa kabisa, nayo yasema mradi kama ule hauanzi mpaka ripoti ya athari za mazingira ipasishwe. Haikuwa imepasishwa. Kuna mtu aliyeisoma sheria ile wakati wengi wetu hatukuwa tumezaliwa.

Mradi ule ukanunuliwa mwaka 2010 na Base Resources ya Australia, iliyokuja kwetu kwa jina la Base Titanium. Familia zikahamishwa, kiwanda kikajengwa, bwawa la Mukurumudzi likachimbwa, na Februari 2014 meli ya kwanza ikang'oa nanga Likoni na madini yetu. Desemba 2024 uchimbaji ukafika mwisho. Ulikuwa mgodi mkubwa kuliko wote katika Kenya, na umri wake wa kuchimba ulikuwa miaka kumi na moja hivi. Mtoto aliyezaliwa meli ya kwanza ikiondoka bado yuko shule.

Sitaki kuwa mwenye dhulma wa ulimi. Kampuni hiyo ilifanya mambo yanayoonekana. Ilisomesha vijana, na kuna watu wa rika langu ambao wasingefika chuo lau si karo ile. Ilishirikiana na wengine kuwaunga wakulima katika chama cha ushirika kiitwacho PAVI, yaani pamba na viazi, na pamba ikapata mnunuzi Australia, kampuni ya nguo ya Cotton On. Mimi huupenda mfano huu kuliko matangi, kwa sababu mkulima hapewi kitu pale: auza. Mwenye kuuza ana sauti, aweza kuuliza bei.

Lakini ukiwauliza watu wa kwetu kampuni ile ilikuwa na wajibu gani, watakutajia basari, zahanati na kazi za vibarua, vyote katika kapu moja. Na hapo ndipo penye tatizo, maana makapu yalikuwa matatu.

Kapu la kwanza ni mrabaha. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 yasema mrabaha ugawanywe: asilimia 70 kwa serikali kuu, asilimia 20 kwa kaunti, na asilimia 10 kwa jamii ya pale panapochimbwa. Hii si hisani ya mtu yeyote. Hii ni mfano wa fungu la mirathi, limekwisha tajwa. Na bado fungu la jamii lilikawia miaka mingi baada ya sheria kupita, tukiambiwa utaratibu wa kuligawa haujakamilika. Kampuni ilikuwa ikilipa serikali. Waliochelewesha walikuwa wengine. Kijana aliyeandamana kwenye geti la kampuni kwa ajili ya hilo fungu alikuwa na haki, ila aligonga mlango usio wake.

Kapu la pili ni mkataba wa maendeleo ya jamii. Kanuni za mwaka 2017 zataka mwenye leseni kubwa ya uchimbaji atumie si chini ya asilimia 1 ya mauzo yake ya mwaka uliotangulia kwa miradi iliyokubaliwa, chini ya kamati yenye watu wa kampuni, serikali na wananchi. Ni mauzo, si faida! Tofauti hiyo mwanafunzi yeyote wa biashara aijua. Faida yaweza kupotelea katika mahesabu, mauzo ni vigumu kuyaficha. Hili nalo ni wajibu.

Kapu la tatu ndilo la hiari, na hilo peke yake ndilo tungeliita sadaka ya kampuni.

Ukiyachanganya makapu haya, ndipo mtu apigwa picha akikabidhi haki yako, nawe wampigia makofi. Ndipo pia kampuni yalaumiwa kwa deni la serikali, na serikali yajificha nyuma ya kampuni. Na ukiniuliza kazi ya msomi wa Kwale ni ipi katika jambo hili, jibu langu la kwanza ni hilo: kuyatenganisha makapu mbele za watu, kwa Kidigo na kwa Kiswahili, mpaka bibi yako aelewe lipi aombe na lipi adai.

Kwa nini naharakisha? Kwa sababu mchanga umekwisha lakini habari haijesha. Kuna ardhi iliyochimbwa ambayo swali lake ni itatumiwa na nani na kwa kazi gani. Na kuna Mrima, upande wa Lunga Lunga. Mlima ule una naiobiamu na madini adimu ambayo dunia nzima yayatafuta kwa mitambo na silaha za kisasa, na juu yake kuna msitu wa kaya wa wazee wetu. Kampuni ya Cortec ilipewa leseni mwezi Machi 2013, na Agosti mwaka huo huo aliyekuwa Waziri wa Madini, Najib Balala, akaifuta. Wawekezaji wakaishitaki Kenya kwenye baraza la usuluhishi la kimataifa la Benki ya Dunia, wakadai fidia kubwa. Oktoba 2018 wakashindwa. Sababu kubwa ni kwamba leseni ile haikuwa halali tangu mwanzo, masharti ya sheria hayakutimizwa, ikiwemo idhini ya mazingira. Tazameni, karatasi ile ile ya mwaka 2001! Atakuja mwingine Mrima, na mwingine baada yake, na kila mmoja atakuja na fulana.

Sasa tuje kwetu wanafunzi.

Ripoti ya athari za mazingira huwa na mamia ya kurasa, kwa Kiingereza cha wataalamu, nayo hutangazwa ili wananchi watoe maoni katika siku chache. Nani ataisoma? Chifu hana wakati, mzee wa mtaa hakufundishwa lugha ile. Wewe wa mwaka wa tatu, unayesoma mazingira au sheria au uhandisi, likizo ikikukuta nyumbani, siku tatu zakutosha kuisoma na kuandika kurasa mbili za Kiswahili: maji yatatoka wapi, vumbi litaelekea wapi, watu wangapi wahamishwe, shimo litafukiwa na nani na dhamana ya fedha ya kulifukia iko wapi. Kurasa hizo mbili zasomwa baada ya sala ya Ijumaa, watu wenda kwenye kikao wakiwa na maswali badala ya hasira.

Tena kuna Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Wengi wadhani ni ya waandishi wa habari. Ni ya raia yeyote. Waandika ombi kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, ndivyo sheria yenyewe isemavyo, na afisa wa umma atakiwa akujibu ndani ya siku 21. Wala si ofisi za serikali tu: kampuni binafsi yenye mkataba wa pekee wa kutumia maliasili nayo imo. Wakikunyima, kuna Tume ya Haki ya Utawala ya kuwashitakia. Sijui kwa nini twajua nambari za bando zote za simu kwa moyo na sheria hii hatuijui.

Mfano wa pili uko Gazi, na huu naomba niukalie kidogo. Pale kuna mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013 kwa vijiji vya Gazi na Makongeni, hekta 117 za mikoko. Mikoko huvuta hewa ya kaboni na kuifukia topeni. Ikipimwa na kuthibitishwa, makampuni na watu wa nje hulipa ili mikoko ile ibaki imesimama, na pesa huingia kwa kijiji. Si utajiri, lakini imeleta maji na vitabu vya skuli, na watu wa vijiji ndio wanaokaa kuamua mwaka huu zifanye nini. Mwaka 2017 wakapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wenzao wa Vanga wakaiga.

Je, mwadhani ilianza na meneja mwenye huruma? Ilianza na watafiti wa taasisi ya bahari, KMFRI, iliyo na kituo pale Gazi, pamoja na wenzao wa chuo kikuu cha Edinburgh Napier, watu waliokanyaga tope miaka na miaka wakipima unene wa shina moja baada ya jingine. Kupima shina la mkoko hakuhitaji ndege. Chahitaji futi, daftari, na mtu ambaye haandiki uongo. Bila vile vipimo hakuna mnunuzi, na bila mnunuzi kijiji kingekuwa bado chasubiri hundi ya kadibodi. Kwa hivyo ndugu yangu unayesoma biolojia na kila siku waulizwa nyumbani "hiyo yaleta kazi gani?", waambie Gazi.

Na Mombasa kuna Bamburi. Yale machimbo ya mawe ya saruji yalikuwa jangwa jeupe mpaka mwaka 1971 alipoanza René Haller kupanda mivinje, kisha akaleta jongoo wale majani makavu ya mvinje wayageuze udongo. Jongoo! Leo watu hulipa kiingilio kutembea msituni pale. Kampuni ilianza na shimo lake yenyewe. Hilo kwangu ndilo la kwanza: fukia shimo lako kabla ya kuja kutupakia rangi darasa. Nilipokuwa kwenye atachimenti niliona kinyume chake. Kampuni moja, sitaitaja, ilipanda miti mia mbili asubuhi moja, mpiga picha alikuwapo, soda zilikuwapo. Nikamuuliza msimamizi nani atamwagilia. Akanijibu bajeti ni ya kupanda.

Ipo pia kazi ambayo vijana wasomi tumeizoea na mimi yanichoma. Kampuni au mwanasiasa ataka kikao cha ushirikishwaji wa umma, atafutwa kijana mwenye diploma akusanye watu, wasaini orodha, wapewe nauli. Ile orodha ndiyo inayogeuka ushahidi kwamba jamii ilikubali. Mama aliyetia dole gumba alikuwa anadhani atia kwa ajili ya nauli. Ndugu yangu, shilingi mia tano au elfu moja uliyoipata pale, umeuza kitu ambacho si chako. Ukiombwa kukusanya watu, sema nitakusanya, lakini wasomewe kwanza wanachosainia, na nakala moja ibaki msikitini au kwa mzee wa mtaa.

Na nyinyi mlioajiriwa, kaka na dada zetu mnaotoka alfajiri kupanda feri au mnaofanya Diani mahotelini, msidhani mada haiwahusu. Wewe mhasibu waona vibarua wakatwa pesa za NSSF kila mwezi na hazipelekwi. Wewe wa ofisi ya wafanyakazi waona mlinzi afanya saa kumi na mbili na alipwa za nane. Mwezi huu huu kampuni itakupa kazi ya kununua mchele na tende za futari ya mayatima, na utazinunua, na utapiga picha. Sisemi uache kazi kesho. Una watoto na kodi ya nyumba. Nasema katika kikao cha bajeti kuna mtu mmoja aweza kusema kwa adabu: kabla ya futari, tumalize ya walinzi. Mtu huyo awe wewe. Kama hamna watu watatu wa kwetu katika vikao vile, basi elimu yetu imewafaa wenye kampuni peke yao.

Nisisahau chama chetu wenyewe, maana itakuwa aibu kuwadai wengine hesabu. Sisi nasi hupokea. Wafadhili hutupa za futari, za basari, za Idi. Nimewaomba viongozi, na wamekubali, kwamba mwaka huu orodha ya kilichoingia na kilichotoka ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa msikiti, bila kutaja majina ya waliosaidiwa, ili kusiwe na mtu wa kufedheheshwa. Walioomba basari na hawakupata wataambiwa sababu kwa maandishi.

Jambo la mwisho ni la kazi. Jumamosi ya kwanza baada ya Idi, inshallah, tutakutana madrasa baada ya Dhuhuri kuandika barua moja chini ya Sheria ya Kupata Habari, kwa Kiswahili. Itauliza mawili tu: asilimia 10 ya jamii ya Kwale imetolewa kiasi gani mpaka sasa na imeingia akaunti gani, na ardhi ya mgodi imepangiwa nini na nani aliyeulizwa. Twahitaji mtu wa sheria, mtu wa hesabu, na mwenye mwandiko mzuri au printa. Wazee wa Maumba na Nguluku walio na karatasi zao za zamani, tafadhali njooni nazo, tutazipiga nakala na kuwarudishia siku hiyo hiyo. Kisha tutahesabu siku 21.